Abakosti Kwenye Kamba

Kosa langu la kijinga ni kwamba nilifua nguo. Sikuiba, sikupiga mtu, sikuuza nchi. Nilifua abakosti yangu asubuhi ya jua zuri, nikaianika nje kwenye kamba, na kwa sababu hiyo nikashtakiwa kwa kutoboa siri ya Serikali.

Nieleze vizuri, maana hata mke wangu, aliyekuwepo, alihitaji kuelezwa mara mbili.

Enzi hizo nchi ikiitwa Zaire, nilikuwa karani wa foni kwenye biro ya zoni, yaani ofisi ya wilaya, hapa Kalemie. Foni ni ile redio ya kusemea: unavaa visikilizio, unaandika yanayosemwa kutoka mbali, unampelekea komiseri wa zoni, mkuu wetu, unarudi kukaa. Kazi ya kukaa, nami niliipendea hilo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza sekondari na hadi leo sijui niliwezaje kutoka kila asubuhi miaka yote ile. Wenzangu wakienda kunywa, mimi nilikuwa nimeshajifunga kikwembe kiunoni, nimebaki na singileti, nachungulia sufuria ya mke wangu mpaka anifukuze. Harusi sikwenda. Mpira sikwenda. Matanga nilikwenda ya ndugu wa karibu tu, nao wengi walikuwa na huruma ya kufia mbali.

Abakosti, lile koti la shingo iliyofungwa ambalo mwanaume wa Zaire alilivaa bila tai, nilikuwa nayo moja. Kazini nilivaa shati, kwa kuwa nyuma ya foni hakuna anayekuona. Koti lilikaa ndani ya valizi, sanduku langu la nguo, pamoja na dawa ya mende, likatoka tu pale mkubwa kutoka Kinshasa au Lubumbashi alipokuja, kwa sababu siku hiyo makarani wote tulipangwa mstari kumpokea. Avenii nzima, mtaa wetu wote, ilinijua hivyo: ukimwona yule Papa, baba wa nyumba ile, amevaa, basi kuna jambo.

Siku moja foni ikasema kwamba mkubwa fulani atashuka na treni ya Kabalo wiki ileile, na asiambiwe mtu yeyote, anataka kuikuta Kalemie ilivyo. Niliandika, nikapiga muhuri wa siri, nikampelekea komiseri mkononi. Alisoma, akakunja, akaniambia hili tunalijua wawili. Nikaitika ndiyo, sitwayeni komiseri, maana enzi hizo kila mtu tulimwita sitwayeni, yaani mwananchi. Na kweli niliibeba siri ile kama anayebeba yai kinywani. Mke wangu aliniuliza mbona sili vizuri, nikamwambia sombe, yale majani ya muhogo ya kila siku, ina chumvi nyingi. Haikuwa na chumvi nyingi. Alininunia siku nzima na mimi nikavumilia kwa ajili ya Taifa.

Halafu nikafungua valizi.

Sikufikiri kitu. Nilijua tu kwamba koti linanuka dawa ya mende na treni iko njiani. Nikafua mwenyewe, nikaanika, nikapaza sauti juu ya ua kumwomba jirani pasi ya makaa. Jirani huyo alikuwa mama wa Kibembe kutoka kaskazini ya ziwa. Mume wake alikuwa mvuvi. Yeye aliuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, na kufuga kuku wengi kuliko nafasi ya parseli yake, kiwanja chake. Alinipitishia pasi, akaitazama kamba yangu. Akaingia ndani kwake.

Kabla ya mchana hakukuwa na kuku hata mmoja aliyeonekana kwenye avenii yetu.

Anayekumbuka siku zile hatashangaa. Mkubwa akija, karamu ilikuwa yake na hasara yetu. Askari walipita nyumba kwa nyumba kuchukua kuku na mbuzi wa kumlisha mgeni. Vijana waliswagwa kwenda kumchezea ngoma za chama juani, na wanaume kufagia barabara ambayo mwaka mzima hakuna aliyeiona chafu. Jirani alimnong'oneza dada yake, dada yake soko zima. Wavuvi wakapakia mbuzi, wake na watoto ndani ya mitumbwi, wakaenda upande wa Moba kutazama wagonjwa. Sijawahi kusikia ugonjwa mkubwa namna ile. Treni ilipoingia, mkubwa alipokelewa na komiseri, mstari wa makarani na hakimu tulioitwa asubuhi ileile, na mbwa mmoja. Mezani akawekewa sombe.

Alitaka kuukuta mji ulivyo, akaukuta haupo. Akauliza nani alitangaza. Komiseri akajibu kwamba habari ilijulikana na watu wawili tu, na kwa kuwa mmoja kati ya hao wawili hakuwa na nia ya kujishtaki, nikapelekwa kasho.

Mimi, ambaye sikuwahi kulala nje ya nyumba yangu kwa hiari, nililala juu ya saruji nikisikiliza maji ya ziwa na vikohozi vya watu. Baadaye wakaniachia nikangoje tribinali, yaani mahakama, nyumbani, kwa sharti moja: nisitoke nje ya parseli. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. "Wamekupa adabu au wamekupa konji?" aliuliza.

Hata mimi nilifikiri ni konji, likizo ya bure. Lakini nyumba ileile niliyoipenda ikaanza kunibana kama kiatu cha kuazima. Nilikaa, nikasimama. Nilihamisha kiti kivulini, nikakirudisha. Nilichochea moto usiohitaji kuchochewa, nikafukuzwa jikoni, nikaenda kwenye ua kutazama barabara ambayo sikuwahi kuijali, na kila baiskeli iliyopita niliitamani. Usiku nilishika kitasa cha mlango nione kama bado unafunguka. Nilikuwa nimeambiwa nikishindwa ni kifungo cha miaka, na kila kitu nilichokigusa, sufuria, mkeka, mgongo wa mke wangu, nilikigusa kama mtu anayehesabu mizigo kabla ya boti kuondoka.

Aliyenitetea hakuwa avoka kamili. Alikuwa mtetezi wa tribinali, wale wanaoruhusiwa kusimama mbele ya hakimu bila shahada kubwa. Mtu mwembamba kutoka milima ya Moba, aliyeacha kusomea upadri na kubaki na sauti tu ya misa. Alikuja kwangu, akala, akafungua kitabu cha sheria. Akanisomea kwamba mwenye siri ya Serikali asiiseme, asiiandike, asiionyeshe. Kusema sikusema. Kuandika niliandika kwa komiseri tu. Akakwama kwenye neno la tatu, akalipigapiga kwa kidole.

"Hapa kwa kuonyesha, Papa, njo watakushika."

Shauri lake la kwanza lilikuwa tudanganye. Nidai kwamba nilifua kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa ndugu. Mke wangu akauliza ni nani Kalemie hii ataamini kwamba mimi nilikuwa nakwenda ubatizoni. Mtetezi akasema ndiyo maana tunahitaji shahidi, na shahidi mzuri ni mwenye pasi. Mimi, kwa woga, nilikubali haraka kuliko heshima inavyotaka. Nikaenda kwenye ua, nikamweleza jirani kwa sauti ya chini.

Alikuwa anageuza ndakala juu ya turubai. Hakuacha kugeuza. Aliniambia kwamba yeye anasali, kwamba atasema alichokiona, na kwamba nisimuongezee dhambi ya uongo juu ya harufu ya samaki. Nikarudi kwenye kiti changu, nikakihamisha tena.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Nilivaa shati, kwa kuwa abakosti yangu ilikuwa mezani mbele ya hakimu, imekunjwa, pamoja na pasi ya jirani, vyote viwili vikiwa ushahidi. Kuliona koti langu pale, bila mimi ndani yake, kulinitia baridi kuliko maneno ya mashtaka.

Mshtaki wa Serikali alimwita jirani. Akamuuliza alijuaje kwamba mkubwa anakuja. Akajibu bila kupepesa.

"Niliona nguo ya Papa ku kamba."

Akaulizwa nguo ina uhusiano gani na mgeni. Akaeleza, na hakunionea huruma hata kidogo. Akasema mimi nakaaka nyumbani kama kuku anayelalia mayai, sitoki, sivai, na kila mara ile nguo ikianikwa mkubwa anafika. Akataja mgeni wa mwaka wa njaa, mgeni wa mwaka wa mvua nyingi, mgeni aliyeugua tumbo. Ukumbi ukacheka. Mshtaki akageukia hakimu, akasema kwamba hapo tumeonyeshwa kuonyesha kwenyewe. Sikuwahi kuaibikia uvivu wangu wa kutoka nyumbani kama siku ile. Laiti ningekwenda harusi moja tu, ningekuwa na pa kusimamia.

Mtetezi wangu akamuuliza jirani swali moja: je, mshtakiwa alifungua mdomo? Akasema nilifungua nikaomba pasi. Basi. Mtetezi akakaa. Nilimvuta mkono wa koti, nikamuuliza kama ndiyo kwisha, akaniambia nitulie. Ningetuliaje? Miguu yangu ilikuwa inakwenda yenyewe chini ya benchi.

Ndipo akaomba komiseri naye aulizwe, kwa kuwa ndiye mtu wa pili kati ya wale wawili. Komiseri alikuja mbele amependeza, kifua mbele, nishani ya chama inang'aa. Mtetezi akaanza kwa kumsifu. Akamsifu alivyompokea mgeni, mstari ulivyonyooka, na lile vazi lake la siku ile, la rangi ya maziwa. Akauliza kwa upole kama sitwayeni komiseri hulivaa kila siku.

Komiseri akacheka kidogo. Alieleza kwamba hayo ya kila siku anayo mengine. Lile ni la kupokelea wakubwa tu, wala hawezi kulivalia watu wa hivihivi. Akatuangalia sisi watu wa hivihivi.

Mtetezi akasema siku ile lilikuwa safi sana. Komiseri akajibu kwamba bila shaka, lilikuwa limefuliwa. Mtetezi, bado kwa ile sauti ya misa, akauliza lilianikwa wapi.

Komiseri alikasirika. Aliona anachezewa.

"Kwani nguo inaanikwa wapi?" alisema. "Si inje?"

Mtetezi akashukuru, akakaa chini. Ilichukua muda kabla ukumbi haujaelewa. Nilisikia kicheko kinaanzia nyuma kwa wanawake wa soko na kuja mbele polepole kama wimbi. Komiseri akageuka nyuma kutazama nani anacheka. Hakimu aliinamia karatasi zake. Yeye naye alikuwa kwenye ule mstari wa kumpokea mgeni, na nina hakika hakuja na nguo chafu. Akakohoa, akatazama koti langu pale mezani, akatazama dirisha. Akasema kwamba mahakama haioni sheria inayokataza kamba, na kama ingekuwepo, ingebidi ianzie juu. Akaniachia huru.

Nilitembea hadi nyumbani haraka, karibu nikimbie, nikaingia, nikafunga mlango, nikakaa. Kisha nikasimama. Ule wasiwasi haukukubali kutoka siku moja. Kwa miezi niliendelea kuhamisha kiti. Kazini nilirudishwa kwenye foni, si kwa kupendwa, ila hakuna mwingine aliyeiweza ile mashine. Komiseri hakunisemesha tena zaidi ya kazi. Na mimi nikafunga kamba mpya chumbani, juu ya kitanda, mke wangu akilalamika kwamba atalala chini ya matone kama mlevi wa mferejini.

Nilipopewa vitu vyetu na tribinali, nilipeleka pasi kwa jirani. Nilikuwa bado nimenuna. Nikamwambia kwamba ushuhuda wake ulikaribia kunifunga, na kwamba tangu leo nitakuwa naanika chumbani, hakuna atakayeona kitu. Alikuwa anatupia kuku wake pumba za mahindi. Walikuwa wengi, wanene, wamejaa miguuni pake. Hakuinua hata uso.

"Papa, acha ujinga, anika inje. Siri ni ya bale bakubwa. Kuku ni zetu."