Siku Niliyomtafsiria Mwalimu Ingrid

Sisi tuliosoma Nyarugusu miaka ya sabini tulikwenda shule peku, michembe ya viazi mfukoni, fagio la chelewa mkononi. Mchana tulicheza rede mpaka vumbi jekundu likatuziba pua. Watoto wa siku hizi gari la shule likichelewa kidogo, wanarudi kulala.

Nilipokuwa darasa la sita alikuja Mwalimu Ingrid, binti wa Kizungu aliyejitolea kufundisha hesabu kwa miaka miwili. Tulimwita Ingilidi, maana ndimi zetu za Kisukuma hazikuiwezea ile r. Kila Jumamosi alituchukua mimi na rafiki yangu Kabula tumtembeze. Tulimwonyesha majaruba ya mpunga, vilima, na machimbo yaliyoachwa na wakoloni, mashine zimeota kutu. Kila kitu aliuliza jina, akaandika. Siku moja Kabula alidondosha jiwe shimoni, akahesabu kimoyomoyo hadi likatua, kisha akakadiria kina cha shimo. Mwalimu alibaki mdomo wazi.

Muhula uliofuata Kabula hakurudi. Baba yake alishampatia mume, na ng'ombe wa mahari walikuwa zizini. Mwalimu akaniomba nimpeleke nikatafsiri, kwa kuwa mzee yule hakujua Kiswahili.

Tulimkuta anasokota kamba. Nikapiga goti. "Mwadila, baba." Akaitikia, akatupatia vigoda.

"Mwambie nitakaa na Kabula nyumbani kwangu hadi amalize la saba," Mwalimu alisema. "Nitaongeza mwaka mzima kwa ajili yake. Mwambie namsihi."

Mzee alinikazia macho. Alikuwa rafiki wa baba yangu, na nilijua nikifungua mdomo vibaya, fimbo itanisubiri nyumbani. Nikasema kwa Kisukuma, "Mwalimu anakusalimu. Anamtakia Kabula ndoa njema."

Uso wa mzee ukakunjuka. "Mwambie ahsante. Aje harusini."

"Amesemaje?" Mwalimu aliuliza.

"Amekataa."

Kabula alikuwa mlangoni pa jiko na kibuyu cha maji. Yeye alizijua lugha zote mbili. Alitupa maji tukanywa, akapokea kibuyu, akarudi ndani bila kunitazama.

Alifariki kwa uzazi wake wa kwanza, huko Ushetu alikoolewa. Mwalimu alikuwa ameshaondoka. Aliniandikia mara mbili akiuliza habari za Kabula. Barua zote nilizisoma, sikujibu hata moja. Sijui mzee yule angesema nini siku ile kama ningemfikishia maneno yenyewe. Pengine angekataa kweli. Hilo ndilo linaloninyima raha hadi leo.

Tulilelewa kuogopa, tukaita adabu. Mjukuu wangu, mwenye umri ule ule niliokuwa nao, hubishana na babu yake, mume wangu, mezani, sauti juu, mkono kiunoni, shikamoo yenyewe mpaka akumbushwe. Majirani wananishangaa kwa nini simkanyi. Namwacha aseme.