Soseji za Ijumaa ya Kwaresima

Mama yangu haumwi. Yeye huchoka tu. Alipokuja kwangu Tabora kutoka Ulyankulu, gauni likimning'inia mabegani, alipanda ngazi za baraza akasimama kuvuta pumzi. "Barabara imenichosha," akasema. Wiki nzima ikapita, barabara bado inamchosha. Nikamwambia twende hospitali, akaniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya.

Kilichonitia hofu hasa ni sahani yake. Huyu ni mwanamke aliyetulea kwa maharage. Sisi wenye asili ya Burundi, mtu anaweza kula wali na kuku akashiba, kisha akauliza chakula kiko wapi, maana hajaona maharage. Sasa alikuwa anaonja vijiko viwili vitatu, anasogeza sahani, anashukuru kwa adabu kama mgeni. Adabu ile iliniudhi. Mama yangu si mgeni kwangu.

Basi nikaamua kumpikia maharage ambayo angeshindwa kuyakataa. Niliyaloweka, asubuhi nikayabandika kwenye jiko la mkaa. Akaja kukaa kwenye kigoda kunisimamia. Usitie chumvi kabla hayajaiva. Maji ya kuongeza yawe ya moto. Mbona unafunuafunua, unadhani yatatoroka? Nilifurahi kugombezwa, sikuwa nimegombezwa tangu afike.

Alipokwenda kujilaza, nikakaanga vitunguu na nyanya kwa mawese ya Kigoma, nikakatakata soseji, nikazigeuza mpaka zikawa za kahawia, nikavimimina vyote ndani ya maharage. Soseji ni mambo yangu ya mjini, lakini nilitaka apate nguvu. Mchuzi ukawa mzito, nyumba nzima ikanukia.

Mama akatoka chumbani bila kuitwa. "Leo nasikia njaa," akasema. Nusura nipige vigelegele.

Nikampakulia na ugali. Akafanya ishara ya msalaba, akachota, akakiona kipande cha soseji. Akakirudisha taratibu.

"Mwanangu, leo siku gani?"

Ijumaa. Tena ya Kwaresima. Nimekulia katika nyumba ambayo siku hiyo nyama haikuvuka kizingiti, hata aje padri mwenyewe ameishika mkononi, na mimi nikasahau kama mtu asiyebatizwa.

"Nitavitoa vipande," nikasema.

"Na mchuzi utautoaje?"

Nikapandwa na hasira. Nilijikasirikia mwenyewe, nikazikasirikia soseji, nikaikasirikia na kalenda. Yaani siku aliyopata njaa ndiyo siku niliyomwekea kizuizi! Ndipo likanitoka: "Mama, mgonjwa halazimiki. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unamwambia bibi hivyo, unamlisha supu ya mbuzi Ijumaa."

Nilikuwa nimesema hivyo ili ale tu, lakini neno alilolikwepa tangu afike sasa lilikuwa mezani pamoja na ugali. Kama ni mzima, chakula hiki si chake. Akila, amekubali.

"Ngoja nikukaangie mayai," nikasema haraka. Ghafla sikutaka tena ale.

"Kaa chini."

Akamega tonge, akalichovya, akala. Alikula polepole, soseji na maharage, bila kuniangalia, akafuta sahani kwa tonge la mwisho kama alivyotufundisha utotoni. Nilikuwa nimeomba kila siku amalize sahani moja. Alipoimaliza, niliogopa kuliko siku zote.

Akanisogezea ile sahani tupu.

"Niongezee," akasema. "Kama ni kuumwa, niumwe nimeshiba. Kesho ita bajaji, unipeleke hospitali."