Waya Uliopita Chumba cha Kati

Wapo waliokwisha kunicheka kwa habari hii, na sikuwashika shati waniamini. Nyie nanyi mkicheka, hiari yenu. Lakini haya sikusimuliwa na jirani wala shoga yangu. Yametokea nyumbani kwangu Temeke, mbele ya macho yangu, tena mchana, jua linawaka mpaka bati zinalia. Sikuwa na homa. Sikuwa nimelala. Na mie shule yangu ni ya ngumbaru tu, ile ya watu wazima, kwa hiyo hata kama ningetaka kuzua, ningezua kitu kidogo kuliko hiki.

Nyumba aliijenga marehemu mume wangu, Selemani Kondo, ya miti na udongo, baadaye akaipiga lipu ya simenti. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, uani nyuma. Tulikuwa wake wawili, mie na Mwajuma binti Shomari. Nikisema tulipendana nitakuwa muongo. Tulinuniana, tukapigana vijembe kwa khanga, lakini zamu tuliziheshimu. Siku mbili za kwangu, siku mbili za kwake. Katika siku zake sikanyagi mlangoni kwake hata kuomba chumvi, na yeye vivyo hivyo. Watu wa mtaa walikuwa wanatushangaa kwa hilo.

Mwajuma alifariki angali kijana, kwa maradhi ya tumbo, akaacha mtoto anatambaa, Ramadhani. Tulimwoshea mle mle ndani, chumba cha kati cha mkono wa kushoto, kama ilivyokuwa desturi yetu watu wa pwani. Mnachimba shimo sakafuni, ndilo linaitwa ufuo, mnaweka kitanda cha kamba juu yake, na maji yote anayooshewa maiti yanaingia mle, hayatoki nje. Waoshaji walikuwa Bi Tabu binti Pazi na Mwanahawa Ngozi, Mungu awarehemu. Mie nilishika kata ya maji. Na nywele zake nilizisuka mie, mikia mitatu, ikalazwa nyuma ya shingo. Ufuo ukafukiwa siku ile ile kwa udongo wake ule ule, hata konzi moja haikubaki nje. Tuliambiwa na wakubwa kwamba ufuo ukiachwa wazi unangoja mtu. Sikuuliza zaidi. Nani angeuliza?

Ramadhani nikamlea mie. Nilimbeba mgongoni, nikampeleka chuoni kusoma Kurani, nikamwona anaota ndevu. Hakuwahi kuniita jina lingine ila Mama.

Sasa ikaja ile miaka ya viwanda kuuzwa na watu kupunguzwa kazini. Ramadhani alikuwa fundi umeme kiwanda cha nguo, naye akapunguzwa. Akakaa barazani weee, mwisho akapata wazo na mpangaji wetu Deogratias, kijana wa Bukoba, karani, mcheshi sana. Wakaleta kompyuta zilizokwisha kutumika, zimefungwa magodoro kama wagonjwa. Intaneti ndiyo kwanza ilikuwa inaingia mjini.

"Mama," Deo akaniambia, "mtu hatakwenda tena Posta kumtumia barua mwanawe Uarabuni. Atakuja hapa kwako, atabonyeza, barua imefika kabla hajainuka kitini."

"Na huyo mwana akiwa hana kompyuta?"

"Basi barua itamngoja, Mama."

"Hata ya Posta inangoja."

Ramadhani alicheka mpaka akakaa chini. Nakikumbuka kicheko kile kwa sababu nilikuwa sijakisikia tangu apunguzwe kazi.

Tatizo likawa nyumba. Laini ya simu ilikuwa moja, inaingia chumba cha mbele cha kushoto. Mashine nyingi zilitakiwa zikae chumba cha nyuma, penye ubaridi kidogo. Kwa hiyo waya utoke mbele ufike nyuma, upite kutoka kompyuta hadi kompyuta kama watu walioshikana mikono. Mmoja akiachia, wote kimya. Mafundi wa mjini walitaka bei ya kujengea nyumba nyingine, wakaamua kujifanyia wenyewe. Walipotoboa ukuta wa kwanza, udongo ukamwagika karai zima, fito zikabaki nje kama mbavu. Kuupitisha juu kwenye kenchi za paa, kuna panya, na joto la bati si mchezo. Deo akasema kila kona na kila kiungo ni mahali pa kuharibikia, njia ya kasi ni ile fupi iliyonyooka. Na iliyonyooka ilikuwa kupasua sakafu, kupita chini ya kuta, kulaza waya ndani ya mpira wa maji, kisha kufukia.

Mkitazama nyumba yangu mtaona wenyewe. Kutoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma, katikati kuna nini?

Nikamwambia Ramadhani, "Chumba cha kati usikiguse. Mamako alioshewa mle."

"Sawa, Mama."

Basi nikaenda Chamazi kwenye arobaini ya ndugu yangu Binti Hija. Nikiwa huko, wao wakachimba. Tena hawakufukia! Deo alitaka wajaribu kwanza kama mashine zinaongea, wasije wakavunja simenti mara mbili. Ukimsikiliza, ni hesabu nzuri kabisa ya fundi. Wakafunika na ubao, wakaendelea na mengine.

Nilirudi baada ya adhuhuri. Wapangaji wako makazini, Ramadhani na Deo wamekwenda mjini kufuatilia laini ya intaneti. Nyumba kimya. Ukumbini nikakanyaga maji. Yanatoka chini ya mlango wa chumba cha kati, membamba kama uzi. Nikadhani bomba limepasuka. Bomba gani? Bomba letu liko uani. Halafu ikanijia harufu ya kafuri wanayopakwa maiti, na hiyo hakuna mtu anayeipaka nyumbani kwa raha.

Nikasukuma mlango. Ubao umewekwa kando. Sakafu imepasuliwa ukuta hadi ukuta, mpira wa maji umelala mferejini, na mwanamke amekaa pembeni, miguu ndani, mgongo kwangu, kajifunga shuka nyeupe. Nikadhani mgeni wa wapangaji.

"Samahani mama, humu hamuingiwi," nikamwambia.

Hakugeuka. Ndipo nikaziona nywele. Mikia mitatu.

"Mke mwenza," akasema, "umezeeka hata mwendo. Nimekusikia unaburuta ndala tangu barazani."

"Mwajuma."

"Hee! Kumbe jina unalikumbuka." Akageuka. Alikuwa ni yeye, kwa umri wake ule ule, uso haujakunjamana hata kidogo, maji yanamtiririka kidevuni yanaingia mferejini, wala hayaishi. Mie kikongwe mbele yake. Akanitazama mdomoni. "Na meno umempa nani?"

Nikauliza, "Umefuata nini?"

"Sikufuata kitu. Nimefunguliwa. Mwanangu kanichimba kwa sululu yake mwenyewe, kaniacha wazi. Unajua maana yake."

"Hakujua."

"Ulimwambia asiguse."

Ningebishaje? Nilimwambia.

"Basi namtaka," akasema. "Akitia mkono humu tena, tunafuatana."

Nikapiga magoti. Nikatafuta udongo wa kufukia lile shimo, hata kwa mikono, hata kwa kucha. Udongo hakuna.

"Unautafuta udongo wangu?" akauliza. "Wamefukia nao dimbwi la barabarani. Magari yameshaukanyaga."

"Nichukue mie."

Akacheka, kicheko chake kile kile cha uani alipokuwa anataka niumie. "Nikuchukue wewe nikakufanye nini? Nilikuchoka hapa hapa duniani."

Jamani, mngefanyaje? Mtoto niliyembeba mgongoni anadaiwa na mwenye mtoto. Sikuwa na aya kichwani, zote zilikimbia. Nikashika kile nilichokuwa nakijua kwake.

"Mwajuma, tulipokuwa na mume mmoja, tulimgombania?"

Akaacha kucheka.

"Hukuniibia siku yangu, nami sikukuibia yako. Basi na huyu twende hivyo hivyo. Usimchukue wote."

Akatazama miguu yake mle mferejini. "Umekaa naye miaka yote peke yako," akasema. "Mie hata kusimama dede sikumwona." Hapo sauti yake ilikuwa ya mtu, haikuwa ya maiti. Nikamhurumia, Mungu anajua.

"Siku mbili mbili," akasema mwisho. "Na siku zangu usikanyage mlango huu. Usibishe hodi, usimwite."

Nikakubali. Na leo mkinirudisha pale pale, nitakubali tena.

Akajishusha kama mtu anayeingia kisimani, katika mfereji ambao haukufika hata goti, na maji yote yakamfuata. Sakafu ikabaki kavu.

Waliporudi laasiri walinikuta nimekaa juu ya ule ubao. Nikawaeleza yote, bila kuruka neno. Deo akavua kofia.

"Braza, tuuzungushe juu," akamwambia Ramadhani. "Mie Mkristo wa watu, lakini cha marehemu sikichezei."

"Wewe ndiye uliyesema njia fupi."

"Nilisema kabla sijaambiwa haya."

Ramadhani akachutama mbele yangu. "Mama, umetoka msibani, umechoka, hujala. Bado kiungo kimoja tu. Tukikimaliza, nafukia leo leo, nakuapia."

"Ramadhani, mamako alikuwa amekaa hapa."

"Mama yangu ni wewe," akasema.

Akaninyanyua kama mtoto, akanikalisha kwenye kitanda cha mle mle ndani. Nilimng'ang'ania shati mpaka kifungo kikabaki mkononi mwangu. Akatia mkono mferejini, akavuta ncha ya waya, akaiunga. Deo alikuwa amekimbilia chumba cha nyuma kutazama mashine. Nikamsikia anapiga kelele, "Imekubali! Braza, imekubali, inakwenda kama risasi!"

Ramadhani akakaa taratibu pembeni ya mfereji, akaingiza miguu. Akatazama pembe ya chumba pasipokuwa na mtu.

"Shikamoo, Mama," akasema.

Haikuwa kwangu. Kisha akanigeukia mie, macho makavu, kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba. "Bibi, unamtafuta nani?"

Nikatoka. Nikaufunga mlango, kama tulivyopatana.

Alitoka asubuhi baada ya siku zile mbili, njaa inamuuma, anataka chai, ananiita Mama, hakumbuki kitu. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda anafua. Nikamwambia alikuwa na homa. Siku mbili akawa mwanangu kamili, anatania, anaulizia mashine zake. Kisha akainuka katikati ya chakula, akanawa mikono, akaenda chumba cha kati.

Hivyo ndivyo tunavyoishi mpaka leo. Msidhani sikuhangaika. Deo aliuvuta waya wote nje kwa mkono wake, tukamwaga simenti. Ikapasuka pale pale, tukamwaga tena. Mwalimu Athumani Mbonde alisoma dua mpaka sauti ikamkauka. Hospitali walisema ni ugonjwa wa akili, wakampa vidonge, navyo nilimpa, sikudharau. Alikuja mchumba mmoja, Asha binti Mkali, msichana mzuri, akavumilia kidogo, akaondoka analia. Deo alihamia Mwenge na mashine zake. Hakuna mtu aliyewahi kutuma barua kutoka nyumbani kwangu. Deo anakuja kututembelea bado, lakini anauliza kwanza, "Mama, ni siku za nani?"

Ramadhani sasa ana mvi. Amempita mamake umri.

Nami siogopi kufa kwa ajili yangu. Naogopa kwa sababu moja. Mume akibaki na mke mmoja, zamu zimekwisha, siku zote ni za aliyebaki. Hiyo ndiyo sheria yetu, na mie ndiye niliyeitaja kwa kinywa changu. Kwa hiyo nakula hata nisipotaka kula. Nameza dawa za presha. Nilipougua kifua mwaka jana, majirani walishangaa bibi kizee anavyogombana na homa.

Nyie mnaonunua nyumba za zamani huku kwetu, mnaokuja na waya zenu na mashine za kutobolea, sikilizeni. Kabla hamjapiga sululu sakafuni, tafuteni mtu mzima wa mtaa mumuulize nani alioshewa wapi. Mkiambiwa hapa msichimbe, msichimbe. Zungusheni waya juu ya paa, uzunguke hata nyumba nzima, uende polepole, uliwe na panya, mnunue mwingine.

Haya nimepata nafasi ya kuyaandika kwa sababu leo na kesho si siku zangu. Mlango umefungwa. Namsikia mle ndani anaongea, sasa hivi anacheka, anacheka mpaka nadhani amekaa chini, na mie siruhusiwi kuuliza kinachomchekesha.