Yaya Katika Fomu ya Akina Bahati

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya msaada wa sheria pale Lodwar, mwanzoni mwa mwaka wa 2012, Mratibu wa Ofisi alinikabidhi kalamu ya wino mweusi, kidau cha wino wa kidole gumba, na kiti chenye mguu mmoja mfupi. Akaniambia, "Karani, hapa hatutungi hadithi. Unaandika alichosema mtu, unamsomea, akikubali anaweka kidole. Tumeelewana?" Nikasema tumeelewana. Nilikuwa nimechapa hukumu mahakamani Kitale miaka mingi kabla ya hapo, na nilijiona sina jipya la kufundishwa. Huo ndio ugonjwa wangu, nautaja mapema msije mkasema niliwaficha.

Nyinyi mnaojaza fomu kwa simu hamtajua uzito wa karatasi zile. Kazi yetu ilikuwa kuchukua maelezo, yaani habari ya mtu kama alivyoisema mwenyewe. Maelezo yakiapishwa mbele ya kamishna wa viapo, ambaye ni wakili mwenye idhini ya kuapisha watu, yanakuwa hati ya kiapo, na hati ya kiapo ni kama msumari: ukishaupigilia, kuung'oa kunaacha tundu. Pale Lodwar tulihudumia zaidi wenyeji. Akina mama wa Katilu walitaka vyeti vya kuzaliwa vya watoto ambao baba zao walitoka ng'ambo ya mpaka. Wazee wa Lokichar walitaka vitambulisho ambavyo wangekuwa navyo tangu ujana wao. Mimi Kiturkana nilijua "ejok" tu, ile salamu, kwa hiyo kila mara nilikaa na mkalimani.

Siku moja alikuja mzee wa Kalemng'orok na binti wa kuombewa kitambulisho. Mkalimani akasema, "Huyu ni baba yake." Nikauliza, "Baba aliyemzaa, au ndugu ya baba yake?" Ikawa ni ndugu ya baba. Wakili Msimamizi wa Lodwar alisikia kutoka chumba cha pili, akatoka kuniangalia. "Hivyo hivyo," akasema. "Maneno ya ukoo ndiyo yanayoua faili. Kila neno la ukoo liulize: nani alimzaa nani?" Sifa zile zilinikaa kichwani kwa muda mrefu kuliko fundisho lenyewe.

Katikati ya mwaka nikahamishiwa Kakuma. Huko kazi ilikuwa ya wakimbizi, na nyingi zilikuwa maombi ya kuunganisha familia: mtu yuko ng'ambo, amepata makao, anaomba watu wake wamfuate. Wakili Msimamizi wa Kakuma alikuwa mama mfupi asiyependa maneno mengi. Asubuhi ya kwanza aliniuliza nahitaji wakalimani wa lugha gani.

"Wa Kisomali na wa Kiarabu cha Juba," nikamjibu.

"Na Wakongo?"

"Wakili, Wakongo wanasema Kiswahili. Kiswahili ni Kiswahili."

Aliniangalia juu ya miwani yake. "Una hakika?"

"Nimezaliwa nacho," nikasema. Akaandika jambo kwenye daftari lake, akaendelea na kazi.

Mwezi wa pili nikiwa pale, wakaja akina Bahati. Bahati mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa hivi, mdogo wake Sifa alikuwa na kumi na miwili, na pamoja nao alikuwepo mwanamke mkimya aliyekaa mwisho wa benchi akikung'uta vumbi kwenye viatu vya Sifa. Huyo alikuwa Mapendo. Wote walitoka Kalemie, mji wa Kongo kando ya ziwa. Baba yao mdogo alikuwa katika nchi moja ya theluji, na aliwaombea wote watatu. Shida ilikuwa moja tu. Walipotoroka vita walipoteana kwenye ziwa, Mapendo akafika kambini mwaka mzima baada ya wenzake, kwa hiyo kadi yake ya chakula ilikuwa peke yake. Hakuna karatasi iliyomfunga na wale wawili. Yangu ndiyo ingekuwa ya kwanza.

"Huyu Mapendo ni nani kwenu?" nikauliza.

"Ni yaya yetu," Bahati akasema. "Mama alipokufa, yeye njo alitulea. Alikuwa anatupikia, anatufulia. Sifa alibebwa kwa mugongo yake mpaka akajua kutembea."

Mimi kwangu Kitale nilikuwa nimeajiri yaya watatu kwa nyakati mbalimbali. Walipika, wakafua, wakabeba watoto wangu mgongoni. Sikusita hata kidogo. Fomu zilikuwa za Kiingereza, na kwa Kiingereza nikaandika kwamba Mapendo alikuwa mfanyakazi wa nyumbani aliyewalea watoto wale.

Kisha nikafuata kanuni. Niliwasomea maelezo yao kwa Kiswahili, neno kwa neno: "Mapendo ni yaya wetu, alitulea baada ya mama kufa." Bahati akaitikia kwa kichwa. Sifa akaitikia kwa kichwa. Mapendo akasema, "Ni kweli kabisa, mzee," akaweka kidole gumba chake, akakipangusa kwenye kitambaa nilichompa. Kanuni ile ya kusoma imewekwa kuzuia makosa, nami niliifuata bila kuruka hatua, na kosa likapita mbele ya macho yetu sote wanne. Ilikuwa kazi safi, nikajipongeza.

Jibu lilikuja mwaka uliofuata. Bahati na Sifa wamekubaliwa. Mapendo amekataliwa: si mtu wa familia.

Alikuja ofisini peke yake na barua mkononi, akasimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha. "Mzee, mimi nilikosa nini?"

"Hukukosa kitu, mama. Wanasema mfanyakazi hahesabiwi kuwa familia."

"Mufanyakazi wa nani?"

"Si ulikuwa yaya wao?"

"Ndiyo, mimi ni yaya wao. Mama yetu ni mumoja, baba yetu ni mumoja." Alikuwa ananieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto. "Yaya ni mwenye alikutangulia kwa tumbo, mzee. Kwenu munamuita nani?"

Kwetu tunamwita dada mkubwa. Badala ya kulisema hilo, nikamwambia arudi kesho. Neno la ukoo lilikuwa limewekwa mbele yangu mezani, na mimi niliyemuuliza mzee wa Kalemng'orok nani alimzaa nani sikuuliza kitu. Kwa Kiturkana nilijua kwamba sijui. Kwa Kiswahili nilijiona mwenye nyumba.

Nilimwendea Wakili Msimamizi nikamweleza. Hakunikaripia, afadhali angenikaripia. Akasema, "Njia ipo moja. Kula kiapo wewe mwenyewe, kwa jina lako. Sema neno lilikuwa hili, wao walimaanisha dada, wewe ukaandika mfanyakazi. Useme wazi kwamba wao hawakubadilisha chochote. Kosa likiwa la karani, linasameheka. Likionekana lao, watahesabiwa waongo."

Nilielewa vizuri sana. Sasa sikilizeni nilichofanya. Mwezi huo mikataba yetu ilikuwa inapitiwa, na ilikuwa imesemwa kwamba makarani watapunguzwa. Nilikaa kwenye mashine nikaandika "Mimi" na jina langu, nikalifuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwishowe nikaandika hati kwa jina la Bahati, nikisema kwamba "kulitokea kutoelewana kwa lugha," na kwamba waombaji "sasa wanapenda kufafanua" kuwa Mapendo ni dada yao. Maneno laini, hayana mwenyewe. Wakili alikuwa anaondoka kwenda Lodwar kortini. Akauliza akiwa amesimama, "Umeandika kama nilivyokwambia?" Nikasema ndiyo. Aliniamini, kwa sababu sikuwahi kumdanganya kabla ya siku hiyo.

Jibu la pili halikuchelewa. Waombaji wamebadilisha maelezo yao baada ya kuona uamuzi. Hawaaminiki katika jambo hili. Na wakiendelea kulipinga, faili lote, pamoja na la wale waliokubaliwa, litachunguzwa upya.

Niliwasomea hayo wote watatu. Bahati alisema haendi popote bila yaya. Alilia kwa hasira, akasema tumesema kweli toka mwanzo, nani anatuita waongo? Mapendo alimshika mkono mpaka akanyamaza. "Mutaenda," akasema. "Sikuwabeba ili mukae hapa." Kisha akanigeukia akaniomba msamaha kwa kelele za mdogo wake. Aliniomba mimi msamaha, na mimi nikaupokea, nikasema si neno.

Siku ya safari nilikwenda uwanja wa ndege wa Kakuma, sijui kwa nini. Mapendo alisimama kwenye ua wa waya, akimpungia Sifa mkono hata baada ya mlango wa ndege kufungwa. Vumbi lilipotulia aliniona, akaja kunisalimu. "Aksanti kwa kazi yako, yaya," akasema. Kwao hata mwanamume mzima asiye wa damu yako unaweza kumwita hivyo, kwa heshima. Nilimjibu kwa "ejok," kwa sababu lugha yangu mwenyewe ilikuwa imenitoroka.

Mkataba wangu uliongezwa, nikamaliza utumishi wangu bila doa katika faili. Sasa niko nyumbani Kitale. Binti yangu ana mtoto mdogo, na mtoto ana yaya, basi jina hilo huitwa humu ndani kutwa nzima: yaya maji, yaya viatu, yaya njoo. Kila likiitwa mimi hugeuka. Mke wangu hudhani ni masikio ya uzee, nami simsahihishi.

Wakili yule sikumwambia kamwe. Mapendo sikumwambia. Sijui yuko wapi leo, kama bado yuko kambini au alipata njia nyingine. Mnaoshika kazi hii sasa mtanitaka nasaha, na sina nyingi. Ninacho kiapo kimoja ambacho kingetosha karatasi nusu, na ambacho kamishna angekipiga mhuri kabla chai haijapoa. Nimechelewa kukiapa, lakini nakiandika. Mimi, karani niliyechukua maelezo yale, nasema kwamba Mapendo ni dada mkubwa wa Bahati na Sifa, kwamba walilisema hilo siku ya kwanza, na kwamba aliyebadilisha maelezo ni mimi.