Inchi Tatu za Wifi

Mawifi tumesingiziwa mengi duniani. Mke wa kaka akikonda ni sisi, akinenepa ni sisi, na asipozaa ndiyo kabisa, wataambizana kwamba ulimi wetu ndio umemfunga kizazi. Mimi naomba niseme hadharani kwamba wifi yangu sijawahi kumfanyia ubaya, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja niliifanya kwa pasi.

Wifi ni fundi wa kushona, na mimi nashona naye. Duka letu ni chumba kimoja chenye dirisha pana upande wa barabara. Mna cherehani mbili, kabati la vitambaa, kioo kirefu kilichopasuka kona, na meza ya kukatia ambayo ukingo wake umechongwa alama za inchi, moja hadi sabini. Kitambaa tunakipima hapo mezani. Futi ya kupimia ni ya miili ya watu tu, na siku hizo ilikuwa moja, ya plastiki ya njano, ikining'inia shingoni mwa wifi tangu tunafungua hadi tunafunga. Wateja wanamwita Fundi Pini, kwa sababu pini haziishi mdomoni, na anaweza kukusema vizuri kabisa akiwa na pini nane bila kudondosha hata moja.

Alipoolewa na kaka alikuwa mwepesi, mcheshi, anamaliza gauni mbili kwa siku na bado anapata nafasi ya kunitania. Mwaka wa pili akaanza kupoa. Nasema kupoa kweli kweli: jua linachoma nje, yeye kavaa sweta. Nywele zinabaki kwenye kitana. Usingizi hauishi. Siku moja alisinzia kwenye cherehani akaushona mkono wa sweta lake pamoja na sketi ya mteja, ikabidi nimfumue kwa wembe. Na mwili ukaongezeka, ingawa sahani yake ilikuwa ndogo kuliko yangu, na mimi najijua kwenye chakula. Watu wakasema ndoa imemkubali. Wengine wakamtazama tumbo wakampa hongera. Hizo hongera ndizo zilizokuwa zikimmaliza, maana walikuwa wanampongeza kwa kitu kile kile alichokuwa akikiomba kila siku, na hakikuwepo.

Ikafika miaka minne. Kaka yangu, fundi bomba mwenye maneno machache, alikuwa tayari kwenda kupimwa hata kesho yake. Wifi ndiye aliyekuwa akijificha nyuma ya kazi. Nikamwambia mficha uchi hazai, kwake methali hii si methali tena, ni cheti cha daktari. Akacheka, akavua futi shingoni, tukaenda.

Daktari alikuwa mama wa miwani minene asiyependa porojo. Kaka alipimwa, akaonekana hana tatizo. Wifi akapapaswa shingo, akatolewa damu. Jibu likawa kwamba tezi ya shingoni, thairoidi, imezembea. Hiyo ndiyo inayouambia mwili uende kwa mwendo gani, na ya kwake ilikuwa imelala fofofo. Baridi, uchovu, nywele, sehemu ya unene, na hata mimba kukataa kushika, vyote vingeweza kutoka hapo. Dawa ipo: kidonge kidogo kila siku, pengine maisha yake yote. Katika damu kuna namba ambayo hupanda tezi ikizembea; yake ilikuwa imefika tisa, na daktari aliitaka ishuke chini ya mbili na nusu kabla hawajaanza kutafuta mtoto. Kuhusu unene akasema wazi kwamba kidonge peke yake hakitamkondesha. Atembee, apunguze sukari, na awe na subira. Wifi alitoka mle ndani analia na kucheka kwa pamoja. Kilichomfurahisha si dawa. Aliniambia, "Wifi, kumbe mimi si mvivu."

Basi maisha yakapangwa upya. Kidonge saa kumi na moja alfajiri, kwa maji matupu, halafu asitie kitu kinywani saa nzima. Kaka naye akaapa hatakunywa chai mpaka mkewe anywe, na kwa kuwa kaka bila chai haongeleki, nyumba nzima ilikuwa inanyata hadi saa kumi na mbili. Tukaacha kupanda gari, tukawa tunakwenda dukani kwa miguu, yeye mbele na mimi nyuma nikilalamika. Na kila Jumamosi mchana, tukishafunga, ananikabidhi futi nimpime kiuno. Mzani hauamini. Fundi akitaka kujua habari za mwili, anauliza futi. Namba naiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa kabati.

Jumamosi ya kwanza, arobaini na mbili. Ya pili, arobaini na mbili. Ya tatu, vivyo hivyo. Mlango ukajaa arobaini na mbili kana kwamba tunafundisha mtoto kuandika. Baada ya wiki sita damu ikapimwa, namba imeshuka hadi saba tu, daktari akaongeza dozi na kusema hivyo ndivyo inavyokwenda, arudi baada ya wiki nyingine saba. Wifi hakumsikia. Yeye alikuwa anasikiliza kiuno chake. Kama nje hakuna kinachosogea, akasema, na ndani hakuna kinachosogea. Ijumaa moja, huku anapinda pindo, akaniambia bila hata kunitazama, "Nikimaliza hiki kichupa, basi. Na habari ya mtoto nayo basi."

Nilimjibu ovyo ovyo. Namjua. Akisema basi, ni basi. Akiacha vidonge, ile namba itapanda tena, na mtoto tutamsikia kwa majirani. Kichupa kilikuwa kimebaki vidonge kumi na moja. Nilivihesabu.

Hapo ndipo shetani akaniletea akili. Wifi alipoiacha futi mezani akaenda kununua vifungo, niliitandaza ile futi chini ya kitambaa, nikaipitishia pasi ya umeme iliyo vuguvugu, plastiki ikalegea. Kisha nikaifunga kwenye msumari na kuning'iniza chini yake pasi yetu ya mkaa, ile nzito ya siku za umeme kukatika, futi ikavutika na inchi zake zikapanuka. Aliporudi, futi ilikuwa shwari pale alipoiacha na mimi nashona huku naimba. Jumamosi nikampima: arobaini na moja na nusu.

Hakuamini. Akanifanya nipime mara tatu. Halafu akazunguka chumba kizima akicheza na mkasi mkononi, nikawa natafuta pa kujificha. Jioni hiyo alikwenda kununua kichupa kipya mwenyewe, kwa miguu, na kaka akanisimulia kwamba alikimeza kile kidonge cha alfajiri kama mtu anayelamba asali.

Ukishamwonjesha mtu utamu, utaishia wapi? Kila wiki nikawa naipiga pasi, kidogo kidogo. Arobaini na moja. Arobaini na nusu. Arobaini. Wiki ya sita ikasoma thelathini na tisa na robo. Kilichonishangaza ni kwamba mwenyewe alikuwa anachangamka kweli. Sweta likabaki msumarini. Usingizi wa mchana ukakoma. Kutembea ikawa mimi ndiye nabembeleza tupumzike. Nikajiambia uongo wangu una baraka.

Nilisahau jambo moja tu, na ni jambo la kijinga kwa mtu anayejiita fundi. Ile futi haikuwa ya wifi peke yake. Mtaa mzima ulikuwa unapimwa nayo. Muuza mkate akaja kupimwa gauni, akaambiwa amepungua inchi moja, akatoka anatembea kwa madaha. Mke wa kinyozi amepungua. Kinyozi mwenyewe, ambaye tumbo lake hutangulia kufika, amepungua. Habari zikaenea kwamba kwa Fundi Pini kuna mkono mwepesi. Watu wakawa wanakuja kupimwa tu, hawana hata kitambaa, wanasema mpime na dada yangu. Na mimi nimekaa pembeni, nacheka kwa nje na kutokwa jasho kwa ndani, maana futi ilikuwa inapima miili, lakini vitambaa vilikuwa vinakatwa kwa inchi za meza. Meza haikupigwa pasi.

Za mwizi arobaini. Zangu ziliishia kwa kwaya ya walimu, wanawake kumi na wawili, magauni ya bluu ya kubana, vifungo mgongoni. Siku ya kupimwa walifurahi hadi wakakumbatiana. Siku ya kujaribisha wakaingia ndani ya magauni kwa taabu, wakajipa moyo kwamba kitambaa kipya huwa kigumu. Wakajipanga mbele ya kioo, wamependeza, wamesimama wima kama mishumaa kwa sababu kuinama haiwezekani. Kiongozi wao, mwalimu wa hesabu mwenye kifua cha haja, akasema wamwimbie fundi ubeti mmoja wa shukrani. Akainua mkono. Wakavuta pumzi wote kumi na wawili kwa pamoja.

Kifungo cha kwanza kilipiga kioo. Cha pili sijui kilikwenda wapi. Baada ya hapo ilikuwa pap, pap, pap, kama bisi kwenye sufuria, na mimi niko chini ya meza, na walimu wanacheka huku wameshika migongo, na wa sauti ya kwanza bado anaendelea kuimba kwa sababu mshono wake ndio pekee uliovumilia. Niseme kweli, sijawahi kucheka vile. Nilicheka mpaka nikainua kichwa nikamwona wifi. Yeye hakuwa anacheka. Ameishika futi, ameilaza juu ya ukingo wa meza. Sitini ya futi ilikuwa imefika kwenye sitini na tatu ya meza.

Walimu walipoondoka, nikamwambia yote, kuanzia msumari hadi pasi ya mkaa. Sikuficha kitu. Nilisema niliogopa ataacha vidonge. Alichukua kitambaa chenye maji, akafungua kabati na kufuta namba zote nyuma ya mlango, moja baada ya nyingine. Bora angenipiga. Akavaa sweta lake na kwenda nyumbani mchana kweupe.

Nilifumua magauni kumi na mawili peke yangu. Namshukuru Mungu wifi ni fundi wa kweli, anaacha nafasi ya mshono kwa ndani, la sivyo tungewavisha walimu mapazia. Alirudi kesho yake, tukashona siku tatu bila neno zaidi ya nipe uzi na sogeza taa. Miadi ya damu ilikuwa Alhamisi. Jumatano akasema haendi, hana haja ya kudanganywa tena. Nikaweka mkasi chini.

"Wifi, nikasirikie mpaka tuzeeke," nikamwambia. "Lakini damu hawaipimi kwa futi yangu."

Alinitazama, akatema pini zote kwenye kiganja. Alhamisi akaenda.

Majibu yalipotoka, nilimwona akirudi tangu kule kwenye kona, kwa sababu alikuwa anakimbia, na wifi yangu sijapata kumwona akikimbia. Namba ilikuwa mbili na moja. Mbili nukta moja! Akaninyanyua juu, mimi niliyekula nikashiba, akanizungusha mpaka tukaangusha ile sanamu ya dirishani tunayoivisha magauni. Mfukoni alikuwa na futi mpya kabisa, ya kitambaa. Aliilaza mezani kwanza, inchi kwa inchi, hadi mwisho, ndipo akanipa. Nikampima. Arobaini na moja na robo. Kumbe chini ya uongo wangu wote, robo tatu ya inchi ilikuwa imeondoka kweli, na ilikuwa yake, hakuna aliyempa. Akaniamuru niiandike. Kisha akasema amenisamehe nusu, nusu nyingine atanidai.

Miezi ikaenda. Kidonge, maji, kutembea, chai ya saa kumi na mbili. Kiuno kikashuka kwa haki yake hadi arobaini. Hapo kikasimama, halafu, wallahi, kikaanza kupanda. Arobaini na robo. Arobaini na nusu. Nikamwuliza kama anameza dawa, akasema anameza. Nikamwuliza kama daktari anajua, akasema anajua, ameongeza hata dozi. Dozi kuongezwa tena! Nikajua tezi imerudi kulala. Jumamosi futi iliposoma arobaini na moja, nilijikuta naangalia msumari ukutani. Usingizi ukaniisha, chakula kikanishinda, mimi ndiye nikaanza kukonda. Yeye anashona na pini zake mdomoni, ametulia tuli. Wiki ya sita nikampima, nikasoma namba, nikaisoma tena. Nikamwambia, "Wifi, pole. Ni arobaini na mbili."

Akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka ameshika meza, na mlangoni kaka yangu, mtu wa maneno machache, ameegemea na mfuko wake wa spana naye anacheka machozi yanamtoka.

"Wiki sita ulinidanganya," akasema, "na mimi wiki sita nimekudanganya. Sasa tuko sawa." Akauchukua mkono wangu wenye futi, akauweka tumboni. "Mimba mwezi wa nne huu, na dozi iliongezwa kwa ajili yake. Pima tena, na usinipunje hata robo."

Sikupima. Nilikaa sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa nikalia kwa sauti, mpaka muuza mkate akaja kuuliza nani amekufa. Baadaye wifi akanivuta mkono, akanipa chaki, akafungua mlango wa kabati. Nikaandika arobaini na mbili. Machozi yalikuwa bado yananiziba macho, mbili ikatoka kama bata. Hajaniruhusu kuifuta hadi leo.