Rampe Mbili

Kwetu Bujumbura, ukimwambia fundi chuma "rampe", anafikiria kitu kimoja: bomba la kushikia unapopanda ngazi. Basi askari alipofika karakana yangu Kinama, miaka ile ya vita, akasema komanda wake ana rampe mbovu kambini, sikuuliza zaidi. Nilikuwa fundi bora wa rampe mtaani, na nasema hivyo bila aibu. Nilikunja bomba jipya siku mbili, nikalisugua hadi likateleza kama sabuni, nikalibeba begani mpaka kambini.

Komanda alilitazama, kisha akanitazama mimi.

"We fundi, hii ni ya nini?"

"Ya ngazi, komanda."

Askari walicheka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Wakati ule mtaa wetu ulishukiwa kuficha waasi; mtu wa Kinama hakuingia kambini kufanya mzaha, na nilidhani sasa nitaambiwa nimekuja kupeleleza. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya ghala. Palikuwa na tela kuukuu lenye reli ndefu za kurushia roketi, limeinama upande mmoja kwa sababu mguu wake wa chuma ulikuwa umepasuka.

"Rampe njo hii," akasema, yaani ndiyo hii, ya kurushia roketi. "Mafundi wawili walishindwa. Ile yako peleka kwa bibi yako."

Hasira ilinipanda, hofu nikaisahau. Nilikata sehemu iliyooza, nikachomelea chuma kipya, kisha nikaweka sahani ya maji juu ya reli kupima kama tela limekaa sawa. Maji yalitulia, hayakuegemea upande. Nilijivuna, sifichi, ingawa nilijua roketi zile zingeelekea milimani wanakoishi watu. Hilo halijanitoka moyoni mpaka leo. Komanda alisema "Sawa" tu, akaenda zake.

Bomba langu sikulipeleka nyumbani. Sikulikunja siku mbili ili watu walicheke. Nililifunga kwenye ngazi za zahanati ya mtaa wetu, na wagonjwa wakaanza kulishika siku hiyohiyo.

Vita vilipopoa, nilikuwa pale nikitengeneza mlango, nikaona mzee anapanda ngazi kwa mguu mmoja na mkongojo. Alikuwa komanda yule. Alishika bomba, akalitikisa kwa nguvu zake zote, lisicheze hata kidogo. Alipoinua kichwa akanitambua, akasimama katikati ya ngazi akihema.

"Fundi," akasema, "rampe njo hii."