Siku Mama Alipoulizwa Kama Mpira Ulipita

Filimbi ilipolia tena, nikavuka mstari.

Nilikuwa nimesimama kando ya uwanja tangu asubuhi, matope yamenifika kwenye vifundo, mtoto mdogo nimemfunga mgongoni kwa leso. Binti yangu mkubwa, Neema, ana miaka minane, alikuwa ameinama akauokota mpira chini kwa mikono miwili. Prrrr! Kosa. Dakika chache kabla, msichana mwingine wa timu hiyo hiyo alikuwa ameuokota vivyo hivyo na mchezo ukaendelea kama kawaida. Neema akageuka kunitazama. Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyeadhibiwa kwa sheria ambayo hakuambiwa, na uso huo naujua kwa sababu niliwahi kuuvaa.

"Madame, rudi nyuma ya mstari," refa akaniambia. Kijana tu, ndevu ndiyo kwanza zinachipua.

"Mstari gani? Huo nao umechorwa saa hii?"

Akasema leo wanatumia sheria za wavulana. Nikamuuliza ni nani aliyeambiwa. Akasema kila mtu anajua. Nikamwambia, hebu nitajie mmoja. Akatazama huku na huku, na mimi hapo, katikati ya harufu ya nyasi zilizokanyagwa na maganda ya machungwa ya mapumziko, hasira yangu ikaacha kuwa ya Jumapili hiyo. Ikarudi miaka ya tisini, kwenye uwanja mwingine wa jiji hili hili la Brussels, nami nina miaka kumi.

Ninyi msioujua mchezo wenyewe, niwaeleze kidogo. Ni mpira wa Waayalandi. Unaudaka kwa mikono kama wa kikapu na kuupiga kwa mguu kama wa Harambee Stars. Huruhusiwi kukimbia nao mkononi kama mwizi wa kuku. Hatua chache tu, halafu uudundishe chini au uuguse kwa kidole cha mguu urudi mkononi. Juu ya goli kuna nguzo mbili zinazoendelea kwenda mbinguni. Ukiupitisha juu ya mtambaa panya, katikati ya nguzo, ni pointi moja. Ukiutia wavuni ni tatu. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko chini, matopeni: wanaume wakikuta mpira umelala hawaruhusiwi kuuokota kwa mikono, ni lazima wauchote kwanza kwa ncha ya kiatu. Wanawake wanaruhusiwa kuuokota. Sasa changanya wavulana na wasichana katika mechi moja, halafu usiseme unafuata sheria ipi. Umejipikia vita.

Mama yangu alikuwa yaya. Alianza kazi kwa Bwana Fergal huko Nairobi, na Bwana Fergal alipohamishiwa Brussels, watoto wake wakagoma kula kwa mkono wa mtu mwingine. Ikabidi Mama aletwe. Mama naye akasema haji bila mimi. Baba alikuwa amekwishaoa kwingine huko Voi. Hiyo ni hadithi nyingine na haina refa.

Tukakaa Berchem-Sainte-Agathe, katika nyumba ndefu nyembamba, chumba chetu juu kabisa chini ya paa. Dirisha lake lilikuwa limelala juu ya kichwa, kwa hiyo halikuonyesha barabara wala watu, lilionyesha mawingu tu. Mama aliweza kusimama wima katikati ya chumba tu, pembeni aliinama. Nyumba hiyo ilikuwa na sheria nyingi ambazo hatukuzijua mpaka tuzivunje. Bustani ilikuwa yetu sote mpaka wageni waje. Cormac, mtoto wa Bwana Fergal, alikuwa kama ndugu yangu mpaka waje marafiki zake wa shule. Mama alikuwa na msemo wake wa kupandia ngazi, akiwa na kapu la nguo kiunoni: "Mwenye nguvu mpishe." Nami nilipisha. Nilipisha mpaka nikawa bingwa wa kupisha.

Isipokuwa Jumapili. Jumapili Waayalandi wa Brussels walikodi uwanja wa soka, wakafunga mabomba marefu ya plastiki juu ya magoli kwa kamba yapate kuwa nguzo, na watoto wao wakacheza. Mimi nikacheza nao. Nilipewa njumu kuukuu za Cormac zilizojazwa gazeti kwenye ncha. Na niliujua mpira, sitajifanya mnyenyekevu hapa. Miss Nuala, aliyefundisha wasichana, alikuwa ameniambia wazi kwamba msichana anaokota. Bwana Fergal, aliyefundisha wavulana, aliwapigia kelele wavulana wachote kwa kiatu. Yeye ndiye aliyekuwa refa pia, kwa sababu filimbi ilikuwa yake, na mipira ilikuja kwa gari lake.

Mwaka huo kulikuwa na mashindano Uholanzi. Kulala huko usiku mmoja, watoto wote chumba kimoja, bila wazazi. Basi dogo lililopatikana lilitosha timu moja tu. Wakubwa wakaamua tugawanywe pande mbili tucheze. Watakaoshinda ndio watakaokwenda. Cormac alikuwa golini upande wa pili. Ninyi hamwezi kujua nilivyoitaka safari ile. Nilitaka kulala mahali ambapo sitasikia miguu ya wenye nyumba chini yangu, wala hatua zangu kuhesabiwa juu yao.

Siku ya mechi wasimamizi wa magoli walipungua. Kila goli linahitaji mtu wa kusimama nyuma yake: pointi anapunga kibendera cheupe, goli anapunga cha kijani. Mama alikuwa amekuja na chupa za chai. Bwana Fergal akamvika koti jeupe, akampa vibendera, akampeleka nyuma ya goli la Cormac. Mama aliipokea kazi ile kama kiapo. Tangu Alhamisi, alipodokezwa kwamba huenda wakamhitaji, alikuwa akifanya mazoezi jikoni kwa kitambaa cha vyombo. "Wakesho, nitazame. Hivi pointi. Hivi goli. Wasije wakasema Mtaita hajui kazi." Mtoto wa pili wa Bwana Fergal alicheka mpaka akamwaga maziwa.

Mvua ikanyesha, ikakoma. Kuelekea mwisho tulikuwa sare. Mpira ukaanguka mbele yangu, ukazama kwenye tope, nami nikauokota kwa mikono kama nilivyofundishwa. Filimbi kimya. Nikakimbia, nikaudundisha, nikapiga. Nauona mpaka leo, mzito kwa maji, unazunguka polepole, unapita juu ya mtambaa panya katikati kabisa ya yale mabomba. Mama akarusha mkono juu na kibendera cheupe, akaruka nacho. Mama yangu, mwanamke wa kanisani, akaruka.

"Dad! Ameuokota!" Cormac akapiga kelele.

Hapo ndipo filimbi ikalia. Miss Nuala akaja mbio, anasema msichana anaruhusiwa. Bwana Fergal anasema mechi ni ya mchanganyiko. Miss Nuala anamuuliza, mchanganyiko wa sheria ya nani? Wazazi wakaingia uwanjani na miavuli. Bwana Fergal akawa mwekundu, kwa sababu alijua hajawahi kusema, na kila mtu alijua hajasema. Basi akaacha ubishi ule, akatembea taratibu mpaka nyuma ya goli, akasimama mbele ya Mama. Akatumia Kiswahili chake cha Nairobi, kile cha kuagizia chai.

"Mama Wakesho. Wewe angalia muzuri. Mupira napita ndani, ama napita inje?"

Hakuna aliyekuwa amebishana juu ya ndani wala nje. Hata Cormac hakusema mpira haukupita. Bwana Fergal alikuwa anatabasamu kidogo, ana subira, kama mtu anayemngojea mtoto amalize dawa. Mama akamtazama. Akanitazama mimi. Kibendera kikashuka, kikagusa paja la lile koti jeupe.

"Nje, bwana."

"Asante, Mama." Akageuka, akawatangazia wote kwa Kiingereza kwamba msimamizi wa goli amejisahihisha. Kwisha. Suala la kuokota halikuamuliwa siku hiyo wala siku nyingine. Baada ya muda mfupi upande wa Cormac ukapata pointi, na basi likawa lao.

Fikirieni nilivyonaswa. Uwanja mzima, Kiswahili tulikielewa watatu tu: aliyeuliza, aliyejibu, na mimi; Cormac na ndugu zake walilelewa kwa Kiingereza. Nikilia kwa Kiswahili, watanisikia wao wawili, nao ukweli wanao tayari. Nikilia kwa Kiingereza, itabidi niseme kuna mtu anadanganya, na huyo anayedanganya ni mama yangu. Nikatoka uwanjani. Matope yalikuwa yameingia kwenye njumu na gazeti limelowa, kila hatua inatoa sauti kama mtu anayemung'unya.

Tukarudi kwa gari lake. Milango ya nyuma ilikuwa na ile kufuli ya watoto, haifunguki kwa ndani, na Mama alikaa nyuma pamoja na mimi. Gari linanuka mbwa na peremende. Bwana Fergal anapiga mluzi. Mama akanipa kipande cha chungwa, nikakiacha kiganjani mwake mpaka Berchem.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Matonge, mtaa wa Waafrika karibu na Porte de Namur, kwa Maman Furaha, Mkongo wa Bukavu aliyetusuka nywele. Nikiwa nimebanwa katikati ya magoti yake, nikasema yote. Nilitaka mtu mmoja tu amgombeze Mama.

"Alors, Mama Wakesho," Maman Furaha akacheka kwanza, "kumbe weye ni arbitre na hauniambie! Nani alikupa ile kazi?"

"Refa si mimi. Mimi ni kibendera tu," Mama akasema, anatazama dirishani.

"Na patron wako wa kazi ndiye arbitre?"

"Ndiye."

Mikono ya Maman Furaha ikasimama kichwani mwangu. Kicheko kikaisha. "Bon," akasema. Halafu akanivuta nywele kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Mutoto, nyamaza. Haujue kitu."

Kweli sikujua. Nilibaki na hasira na Mama miaka mingi, hasira kimya, ya kujibu "ndiyo" na "hapana." Nilimaliza sekondari nayo. Mama alikuwa amekwishaacha kazi ile, ana karatasi zake mwenyewe za kuishi, anatunza wazee, tunapanga chumba chenye dirisha la ukutani. Siku moja tunamenya viazi nikamrushia: hata pointi yangu moja ulishindwa kuitetea. Hakuacha kumenya.

"Ule mpira ulipita katikati. Mimi si kipofu. Lakini wiki ile karatasi zetu zilikuwa mezani kwake, zinangoja sahihi. Yeye ndiye aliyeandikwa kwamba ananidhamini humu nchini. Asiposaini, mimi na wewe uwanja wa ndege. Ungechezea wapi huo mpira wako? Voi?"

Nilikuwa nimemchukia aliyejibu na kumsahau aliyeuliza. Mtu mzima mwenye filimbi alikuwa amekwama na sheria ambayo hakuisema, akatafuta pa kutokea, akaona koti jeupe ambalo ndani yake kuna mtu asiyeweza kumwambia hapana. Alijua mpira umepita. Lile lilikuwa swali la mwenye nyumba kwa mtu anayelala chini ya paa lake, na aliliuliza kwa lugha ambayo wengine wasingeielewa.

Kwa hiyo Jumapili ile ya Neema, refa kijana aliponiambia kama sijaridhika nilalamike rasmi, nadhani alitegemea nitakwenda nyumbani nikapike. Nilikwenda, nikapika, kisha nikaandika barua. Niliandika kwa Kifaransa changu cha sekondari, nikaipeleka kwa mkono kwa kamati ya klabu, nikasubiri waisaini kwamba wameipokea. Ilisema hivi:

Sipingi matokeo. Tulifungwa na tulistahili. Nalalamikia sheria iliyotajwa baada ya filimbi. Naomba mambo mawili. Kwanza, kabla mpira haujarushwa, refa asimame mbele ya watoto wote, awaambie kwa lugha wanazozielewa kama kuokota kwa mikono kunaruhusiwa au la. Pili, asipewe kibendera mtu yeyote ambaye refa ni mwajiri wake, au mwenye nyumba wake, au ndiye anayemwekea sahihi ya kuishi hapa.

Katibu akanipigia simu. La kwanza, akasema, ni haki kabisa, wataanza Jumapili ijayo. La pili hakulielewa. Je, kumewahi kutokea tukio la namna hiyo?

Nikamwambia limetokea. Akaniuliza aandike mechi ipi.

"Andika mechi ya watoto," nikamwambia. "Pointi moja. Haijahesabiwa."